Yusufu wa Mombasa na Husuda Iliyofichwa

 

Nitaanza na habari ambayo watoto wengi wa Meru waliisikia kwa nyanya zao kando ya moto. Wazee husimulia ya kwamba zamani baba zetu walikaa mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji makubwa, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Mabwana hao wakawapa watu wetu masharti. Kwanza waliwaambia walete kiatu chenye manyoya ndani na nje. Wazee wakakaa shauri, wakakata ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe, ambayo ina manyoya pande zote mbili, wakashona kiatu, wakakipeleka. Mabwana wakasema, basi leteni mbwa mwenye pembe. Wakabandika pembe za paa juu ya kichwa cha mbwa kwa ulimbo, wakampeleka. Tena tunda likatumbukizwa shimoni, wakaambiwa walitoe pasipo kulichoma na pasipo kuchimba. Wakamimina maji shimoni mpaka tunda likaelea juu lenyewe. Mwisho wakaagizwa kufua mkuki mrefu wa kugusa mbingu. Hapo wazee walitazamana. Wakajua kwamba hakuna jibu litakalowatosha watu hawa, wakawakusanya wake na watoto, wakaondoka usiku.

Nilipokuwa mtoto nilifurahia werevu wa wazee, nikacheka sana juu ya yule mbwa. Nilipokua mtu mzima ndipo nilipoanza kujiuliza jambo jingine. Je, mabwana wale walikuwa na haja ya kiatu? Mbwa mwenye pembe angewafaa nini? Hawakutaka kiatu, wala mbwa, wala mkuki. Walitaka sababu. Walikwisha kuamua moyoni kuwaangamiza watu wale, ila walitaka siku ya kuwaangamiza waweze kusema, "Tuliwaagiza nao hawakutii." Chuki ilikuwa imevaa nguo ya amri halali.

Wanahistoria wengi huitafuta Mbwaa katika pwani ya Kenya, pande za Lamu na kisiwa cha Manda. Ndugu zetu Waembu wana simulizi yao ya Mwenendega na Nthara, nami sitaki wanishtaki kwamba nawaburuta pwani kwa nguvu. Lakini sisi sote tunaokaa chini ya mlima huu tumezoea kuidhani bahari kuwa ni ya watu wengine. Leo nitawaomba mteremke nami mpaka Mombasa, tukatazame habari ya kijana mmoja aliyetumika katika meli za kivita miaka karibu 400 iliyopita. Jina lake lilikuwa Yusufu, mwana wa Hasani.

Hatuwezi kumwelewa kijana huyo pasipo kumjua baba yake. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na Vasco da Gama, na mji uliowapokea kwa wema ulikuwa Malindi. Mombasa haikuwapokea hivyo, wakaupiga mji huo mara kwa mara. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome kubwa ya mawe juu ya mwamba penye mlango wa bandari, kwa ramani ya Mwitalia mmoja aitwaye Giovanni Battista Cairati. Wakaiita ngome hiyo kwa jina la Yesu. Ndiyo Fort Jesus tunayoijua. Mara nyingi nimewaza juu ya jina lile, na juu ya mambo yaliyotendeka ndani ya kuta zile.

Wareno wakamhamisha rafiki yao mfalme wa Malindi, wakamfanya mfalme wa Mombasa pia. Akaahidiwa fungu lake katika ushuru wa bandari. Mfalme huyo, Ahmadi, alipokufa, mwanawe Hasani akashika kiti. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kapteni wa ngome alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Aliletwa kwa miaka michache tu, na katika miaka hiyo alitaka kujaza sanduku lake arudi kwao tajiri. Mbele yake alimwona Mwafrika mwenye fungu la ushuru, mwenye biashara na watu wa bara, mwenye heshima mjini, tena anayeitwa rafiki na ndugu na mfalme wa Ureno. Kapteni mmoja, Manuel de Melo Pereira, hakuweza kulivumilia jambo hilo.

Angalieni jinsi husuda inavyofanya kazi yake. Haikusema, "Namwonea kijicho." Ilisema, "Huyu ni mhaini." Mashtaka yakapanda merikebu, yakavuka bahari mpaka Goa, huko India, alikokaa mkubwa wa Wareno wa pande hizi zote. Goa ni mbali, na barua ya kapteni ilifika kabla ya sauti ya mfalme. Mwaka 1614 Hasani aliona kwamba hana usalama tena katika mji wake mwenyewe. Akavuka maji akakimbilia Rabai, kwa watu wa bara ambao Wareno waliwaita Musungulo. Watu hao walipewa malipo ya nguo, wakamwua mgeni wao. Kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Goa.

Mpendwa msikilizaji wa kanisa letu, jina la Rabai si geni kwako. Ni Rabai hiyo hiyo ambako Johann Ludwig Krapf na mwenzake Rebmann walijenga kituo chao mwaka 1846, Krapf akiwa amekwisha kumzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa miaka miwili kabla. Jirani na hapo, Ribe, Wamethodisti walianza kazi mwaka 1862. Kutoka pwani hiyo Injili ilipanda pole pole mpaka kwetu, ikafika Kigari katika Embu mwaka 1910, Kaaga katika Meru mwaka 1912, na Chogoria mwaka 1922. Kwa hiyo vilima vile ambako damu ya mfalme Hasani ilimwagwa kwa fitina ni vilima ambavyo imani yetu ilipitia. Turudi kwa mtoto wake.

Yusufu alikuwa na umri wa miaka kama saba. Walimchukua wakampakia melini, wakampeleka Goa, mji ule ule kilikopelekwa kichwa cha baba yake. Huko akawekwa katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Agostino. Wakamfundisha kusoma na kuandika Kireno, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia. Hakuna aliyemwuliza mtoto wa miaka saba kama ataka jina jipya. Sisemi kwamba watawa wale walimtesa. Huenda walimpenda kweli. Lakini walimlea katika nyumba ambamo jambo moja halikuweza kusemwa mezani, nalo ni kwamba watu wa bendera hii hii ndio waliosababisha baba yako auawe.

Alipokuwa kijana alitumika baharini katika meli za kivita za Wareno, akajifunza kazi ya mizinga. Kazi hiyo ilitaka mtu mwenye mkono mtulivu. Baruti hupimwa, risasi ya chuma husukumwa ndani, mtu hungoja meli ipande na wimbi, ndipo moto huwashwa. Akikosea kidogo mzinga hupasuka, ukaua watu wake mwenyewe. Kijana wa Mombasa, mwana wa mfalme, alisimama kati ya mabaharia wa Kireno akawatumikia vema, nao wakubwa wakaridhika naye. Wakamwoza mke. Mwaka 1626 wakamtawaza kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, akikalia kile kiti cha baba yake. Pengine walidhani kwamba kwa kufanya hivyo deni limelipwa.

Tumtazame basi akirudi nyumbani. Aliondoka mtoto, amerudi mtu mzima mwenye mavazi ya Kireno, mke Mkristo, na jina ambalo wazee wa mji hawakulijua. Watu wa Mombasa wakamtazama kwa mashaka. Huyu ni mwana wa Hasani, naam, lakini anakula nyama ya nguruwe na kwenda kanisani. Nao Wareno wa ngomeni walimtazamaje? Mbele yao alisimama mtu mweusi aliyebatizwa kama wao, aliyesoma kuliko askari wengi wa pale, aliyepigana baharini, tena mwenye taji. Nadhani wangemchukia kidogo zaidi kama angekuwa mjinga.

Kapteni wa ngome siku hizo aliitwa Pedro Leitão de Gamboa. Habari zilizobaki zasema kwamba alimdharau mfalme na kumvunjia heshima mbele ya watu, pale ambapo mfalme hakuwa na njia ya kujibu. Ninyi mliowahi kuajiriwa na mtu asiyewapenda mwajua jambo hili halihitaji fimbo. Latosha neno moja mbele ya watumishi. Yatosha mtu kukuacha umesimama mlangoni huku yeye akiendelea kuandika. Yusufu angepeleka wapi malalamiko yake? Huko huko Goa. Na kule Goa baba yake alikwisha kujibiwa.

Ilitokea kwamba Yusufu alikuwa akienda usiku kwenye kaburi la baba yake, akiomba kwa desturi ya Kiislamu ya wazazi wake. Mtu mmoja akamwona. Hakumwendea akamwuliza. Alikwenda ngomeni akamnong'oneza kapteni. Kapteni naye akaanza kufikiri namna ya kumkamata mfalme na kumpeleka Goa akahukumiwe.

Hapa natua kidogo. Wazee wetu wa Njuri Ncheke, na wazee wa Embu pia, walikuwa na makosa yao, wala sitaki kuwapamba. Lakini mtu aliposhtakiwa, jambo lililetwa barazani, mshtaki akasimama hapa na mshtakiwa akasimama pale, wote wakasikiwa. Katika kitabu cha Matendo twasoma kwamba hata Festo, mtawala wa kipagani, alisema si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajaonana uso kwa uso na wanaomshtaki. Gamboa alikuwa Mkristo aliyekaa ndani ya ngome yenye jina la Yesu, asiifikie desturi ya Festo. Mtoto akilia penye kaburi la baba yake aliyeuawa, je, huo ni uhaini? Kama mtu angemwita Yusufu mchana, akaketi naye, akamwambia, "Twajua uliyotendewa," sijui historia ya pwani ingeandikwa namna gani.

Yuko mwandishi mmoja wa Marekani, Herman Melville, ambaye ujanani mwake alikuwa baharia. Alipokufa mwaka 1891 aliacha miongoni mwa karatasi zake hadithi ambayo haikuchapishwa mpaka mwaka 1924. Ni hadithi ya kijana baharia aitwaye Billy Budd, katika manowari ya Waingereza mwaka 1797, wakati wakubwa wa meli walipokuwa na hofu ya maasi. Kijana huyu ni mzuri wa sura na wa moyo, hana hila, kila mtu ampenda. Kwa sababu hiyo hasa, ofisa wa nidhamu melini, Claggart, amchukia. Hana kosa la kumshika, basi amtungia shtaka la uasi, aenda kwa kapteni wake akimshtaki. Kijana aletwa mbele yake, aambiwa ajitetee. Naye ana kigugumizi. Uwongo ule wamziba koo, maneno hayatoki, na badala ya neno hutoka ngumi. Claggart aanguka, afa. Kapteni ajua kijana hana hatia ya uasi, lakini sheria ya vita ni sheria, kijana anyongwa.

Hiyo ni hadithi tu, lakini tangu niisome sikuweza kumfikiri Yusufu wa Mombasa bila kuikumbuka. Hapa pia alikuwako kijana wa meli, na shtaka la siri, na koo lililozibwa. Ila hadithi ya Melville ni nyepesi kuliko mambo yaliyotukia kweli. Ngumi ya Billy Budd ilimpata mwongo peke yake. Mkono wa Yusufu haukukoma hapo.

Ilikuwa Agosti mwaka 1631, wakati wa sikukuu ya Wareno ya Bikira Maria. Yusufu aliingia ngomeni pamoja na watu wake kama anayekwenda kumwamkia kapteni. Walinzi hawakumzuia, maana ni mfalme, tena ni Mkristo. Akamchoma Gamboa kwa kisu akamwua. Mke wa kapteni na binti yake waliuawa. Nyumba za Wareno mjini zikatiwa moto. Waliosalia wakakimbilia nyumba ya watawa, wakakaa humo siku kadhaa, na walipotoka wakauawa. Ushahidi uliokusanywa baadaye huko Goa wahesabu waliokufa kuwa karibu watu 300, nusu yao wakiwa Waafrika waliobatizwa. Hawa hawakuwa na ngome wala ushuru, wala hawakumdharau mfalme mlangoni. Miongoni mwao alikuwamo Dom António wa Malindi, binamu wa Yusufu mwenyewe, mtu wa damu yake. Aliambiwa aikane imani yake naye akakataa.

Wapendwa, nimewahi kusikia habari hii ikihubiriwa kwa namna mbili. Wako waliomfanya Yusufu kuwa shujaa wa Waafrika, wakalipita haraka jina la Dom António. Wako waliomfanya kuwa shetani, wakalipita haraka jina la Hasani na kichwa chake kilichosafirishwa. Mimi siwezi kufanya hata moja. Nikiwaza juu ya mtoto wa miaka saba katika meli ya kwenda Goa, moyo wangu uko naye. Nikiwaza juu ya wanawake na watoto wanaotoka katika nyumba ya watawa, siwezi kuwa naye. Na mtu yule ni mmoja.

Yusufu mwingine, yule wa kitabu cha Mwanzo, alichukiwa na ndugu zake, akauzwa nchi ya mbali angali kijana, akapewa jina jipya la Kimisri, akashtakiwa uwongo, akapewa mamlaka. Ni kama njia ya Yusufu wa Mombasa hatua kwa hatua. Lakini siku ndugu zake waliposimama mbele yake naye ana uwezo wa kuwaua, aliwatoa watumishi wote chumbani, akalia kwa sauti kubwa hata Wamisri wakasikia. Kilio kile ndicho nisichokiona popote katika habari za Mombasa. Kama Yusufu mwana wa Hasani alilia, alilia usiku, penye kaburi, naye akapelelezwa.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikupanga kuliandika nilipoanza. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katika kamati ya chama kimoja cha ushirika cha kahawa, ambacho sitakitaja. Kiwandani palikuwa na kijana karani wa mizani. Alikuwa mpole, mwepesi wa hesabu, naye hakuzidisha wala kupunguza kilo ya mtu. Akina mama waliokuja na kahawa yao mbivu walipenda apime yeye. Wakulima wakaanza kusema, "Huyu ndiye angefaa kuwa mwandishi wa chama." Basi ikafika kwetu barua isiyo na jina, yenye kusema kwamba kijana yule anaandika kilo za ndugu zake kabla hawajaleta kahawa.

Si mimi niliyeiandika barua ile. Nasema kweli mbele za Mungu. Lakini ilipofunguliwa na kusomwa, nilisikia moyoni mwangu kitu kidogo kama furaha. Nilikuwa mzee wa kanisa wakati ule. Nilikuwa nimesikia jina la kijana likisifiwa mara nyingi mno, na jina langu mara chache. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nilijua vitabu vyake ni safi, maana nilivikagua mwenyewe. Nikanyamaza. Tukakubaliana kwamba "kwa usalama wa chama" apumzishwe. Hakuitwa ajibu. Alipokuja kuuliza sababu tulimwambia ni uamuzi wa kamati.

Kijana yule hakumpiga mtu. Alikaa nyumbani majuma machache, akaanza kulewa, kisha akaenda zake mjini. Nilimwona tena mara moja kwenye kituo cha mabasi cha Embu. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo mzee," akanibebea mzigo mpaka ndani ya basi. Nikakosa la kumwambia. Siku hiyo mwenye kigugumizi alikuwa mimi. Nimemwandikia baadaye, nikaisema kweli mbele ya kamati pia, lakini wengi wa kamati ile walikuwa wamekwisha kufa, na kazi ile haikuwa na faida kwake tena.

Marko aliandika juu ya Pilato neno ambalo kwa miaka mingi nililisoma haraka. Anasema Pilato alitambua kwamba makuhani walimtoa Yesu kwa sababu ya husuda. Alitambua! Haikuwa siri kwake. Nguo Ntune walijua hawahitaji kiatu. Melo Pereira alijua. Nami nilijua kabla ya barua kukunjwa na kurudishwa katika bahasha. Zamani nilifikiri chuki ya siri ni siri kwa watu wote. Sasa naona karibu kila mara yupo mtu mezani aliyeiona.

Basi nimalizie habari ya Mombasa. Januari 1632 meli za Wareno zilikuja kutoka Goa na mamia ya askari, wakaizingira ngome. Yule kijana waliyemfundisha kazi ya mizinga akawaonyesha kwamba alijifunza vema. Walipigana mpaka Machi, wakashindwa, wakaondoka. Lakini Yusufu naye hakubaki. Mwezi wa Mei aliuharibu mji, akapakia mizinga katika meli, akatweka matanga. Wareno walirudi Agosti wakaikuta ngome haina mtu. Tangu hapo Yusufu akawa mtu wa baharini tena, bila bandari ya kwake, akizivamia meli, mpaka alipokufa miaka michache baadaye katika pande za Bahari ya Shamu. Mombasa hakuitawala tena kamwe.

Ukienda Mombasa, na najua makanisa mengi ya huku hupeleka vijana wao kutembea wakati wa likizo, ingia Fort Jesus, na kabla hujapita lango inua macho. Juu ya mlango kuna jiwe la maandishi ya Kireno. Liliwekwa na kapteni mpya, Francisco de Seixas de Cabreira, ambaye alipewa ngome akiwa na umri wa miaka 27. Jiwe hilo lasema jinsi alivyoijenga upya ngome, na jinsi alivyowarudisha chini ya mfalme wake watu wa pwani hii, walioasi pamoja na mfalme wao dhalimu. Limeorodhesha miji aliyoiadhibu na kuta alizozibomoa. Maandishi yake bado yanaonekana. Hasani hakutajwa humo, wala Rabai, wala Gamboa, wala mtoto wa miaka saba aliyepakiwa melini bandarini pale chini, hatua chache tu kutoka langoni.